Tofaa Lisilolika

Karibu na Taunton, Somerset, Uingereza
20 Januari 2025

Aikande mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Naamini wewe na watoto hamjambo, na Mama magoti yamempa nafuu. Mimi mzima, baridi tu. Leo asubuhi kioo cha gari kilikuwa kimeganda, nikakikwangua kwa kadi ya benki.

Ulinicheka sana kwenye simu nilipokuambia kwamba Ijumaa usiku nilisimama gizani, sufuria mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, nikiupigia mti kelele. Ukasema Uzungu umeniingia vibaya. Halafu ukaniuliza, hiyo saida ninayoisifu, pombe ya matofaa, si ndiyo Savanna ya kwenye baa za Moshi, ile ya kuchomekewa limau mdomoni mwa chupa? Bando likakata kabla sijakujibu. Basi najibu kwa barua, na uandae chai kabisa.

Zina jina moja, lakini hii ya shambani ni kitu kingine. Haina povu wala haing'ai. Ina rangi ya chai ya rangi iliyolala, mara nyingine ina ukungu ndani, na sukari hakuna, maana yote imeshaliwa na chachu. Nguvu yake ni asilimia sita, saba hivi. Siku ya kwanza niliinywa kama juisi, glasi tatu, nikiwa nimekaa. Akili haikuwa na shida yoyote. Shida niliiona nilipotaka kusimama.

Lakini nianze na tunda. Mwaka juzi mwezi wa kumi nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikapita kando ya shamba la mzee jirani yangu. Chini ya miti matofaa mekundu yamelala kwenye nyasi kama yametupwa. Nikaona dhambi kuyaacha. Nikaokota moja, nikalifuta kwenye sare, nikang'ata. Aikande! Unakumbuka tulipomwibia bibi ndizi mbichi tukazitafuna nyuma ya zizi? Ukakasi ule ule. Mdomo ulijikunja, ulimi ukawa kama umepakwa unga. Mzee alikuwa ananitazama toka juu ya trekta, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimechagua vizuri: hilo linaitwa Tremlett's Bitter, na hata nguruwe wake hulinusa kwanza.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba matofaa ya saida si ya kula. Wenyewe wanayagawa mafungu manne: matamu, makali, matamu yenye uchungu, na makali yenye uchungu. Karibu na Bristol, pale Long Ashton, palikuwa na kituo cha utafiti wa saida tangu 1903, na mgawanyo huo ulitokea huko, kwa kupima ukali na ukakasi wa juisi. Tofaa tamu la dukani likichachushwa peke yake hutoa kinywaji chepesi kisicho na mgongo. Ule ukakasi ulionikunja mdomo ndio unaoipa saida ya Somerset uzito. Nikamwambia mzee kwamba sisi Marangu ndizi zetu hazina uchungu, kwa hiyo uchungu tunaufuata kwenye gome la msesewe na kuutia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Akazima trekta. Akaniomba nitaje tena hilo neno, akaliandika kwenye pakiti ya sigara. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Na majina ya matofaa yao! Kuna moja linaitwa Sheep's Nose, yaani pua ya kondoo, na ukilitazama ni pua ya kondoo kweli. Kuna Kingston Black, ambalo wengi husema linaweza kutengeneza saida nzuri peke yake bila kuchanganywa. Kuna Dabinett. Ninalolipenda ni Yarlington Mill, kwa ajili ya hadithi yake: mti wa kwanza ulikutwa umeota wenyewe ukutani, karibu na gurudumu la kinu cha maji, hapa hapa Somerset. Mtu akauhamishia shambani, na miti yote ya jina hilo leo ni vikonyo vya mti ule, vimepandikizwa toka shina hadi shina. Mbegu haisaidii. Ukipanda mbegu ya tofaa unapata mtoto asiyefanana na mama yake.

Kazi yenyewe nimeishiriki Jumamosi nne msimu uliopita, na kiuno kinaikumbuka. Matofaa hayachumwi mtini. Yanasubiriwa yaanguke, na yanayogoma yanatikiswa kwa ufito mrefu wenye ndoano. Kondoo, wanaolisha chini ya miti karibu mwaka mzima, wanakuwa wameshahamishwa wiki nyingi kabla, sababu unaijua: mavi. Unapiga magoti kwenye umande, unaokota, unajaza gunia. Kisha matofaa yanalundikwa yakae tena wiki mbili tatu, wanga ugeuke sukari. Mzee hapimi kwa chombo chochote. Anabonyeza kwa dole gumba. Dole likizama, siku imefika.

Siku ya kukamua ndiyo ilinifurahisha kuliko zote. Matofaa yanaoshwa, yanaingia kwenye mashine ya kusaga (zamani lilikuwa jiwe la duara likizungushwa na farasi kwenye mfereji wa mawe), yanatoka uji mzito wa kahawia, maana ukishagusa hewa tu hubadilika rangi. Sasa tazama. Juu ya kitanda cha shinikizo unatandaza majani makavu ya ngano, ncha zake zikining'inia nje pande zote. Unamwaga uji katikati, unausawazisha kwa mkono, unazikunja zile ncha ndani kufunika kingo. Unatandaza majani mengine, safari hii kwa kuyakatisha yale ya kwanza. Uji tena. Kunja tena. Hivyo hivyo hadi mnara unafika kifuani. Wengi siku hizi hutumia vitambaa na mbao, ni rahisi zaidi, na mzee naye anavyo, ila mnara wa kwanza wa msimu lazima aujenge kwa majani kama baba yake. Mnara huo wanauita jibini. Usiniulize kwa nini, ukiuona utakubali.

Kabla hata shinikizo halijashushwa, juisi imeshaanza kutiririka kwa uzito wa mnara wenyewe. Tukanyamaza wote kuisikiliza. Kisha skrubu inazungushwa kidogo, inaachwa, inazungushwa tena. Mnara unapungua hadi nusu. Kingo zilizotokeza zinakatwa kwa kisu kirefu cha kukatia nyasi kavu, zinarudishwa juu, unakamua upya. Usiku kucha unaachwa hapo. Tani moja ya matofaa hutoa lita 600 na kitu, hadi 700. Machicha yanayobaki ni makavu kama machicha ya nazi ya shemeji yako mbahili, nayo huenda kwa nguruwe. Zamani walikuwa wanayaloweka maji na kuyakamua mara ya pili, wakapata kinywaji hafifu cha watoto na vibarua.

Juisi inaingia kwenye mapipa ya mwaloni, na hapo mzee haongezi kitu. Chachu haitiwi. Ipo tayari kwenye shinikizo na kwenye mbao za pipa. Baada ya siku chache pipa linaanza kutema povu kwa tundu la juu, kama sufuria ya maziwa uliyoisahau jikoni. Povu likitulia anaweka sikio tunduni. Kweli, Aikande, anainama na kuweka sikio, na mimi akaniinamisha. Ndani mnasikika mnong'ono, kama mvua nyepesi kwenye migomba. Mnong'ono ukiisha kabisa, tundu linazibwa, kwa kuwa hewa ikiingia saida inageuka siki. Baridi ikizidi hulala. Joto la masika likija huamka tena kidogo, na ule ukali hulainika. Wazee wa huku walikuwa wanasema usiiguse kabla hujamsikia kekeo, ndege wa mwezi wa nne na wa tano. Hebu fikiria, sisi tuliozoea mbege ya juzi, unasubiri toka Novemba hadi Mei!

Kuinywa si jambo la baa hasa. Watu huja bandani na madumu yao, kama tulivyokuwa tukifuata mafuta ya taa dukani. Mzee anafungua bomba, anakuonjesha pipa la kushoto na la kulia, anakuuliza unataka kali au iliyolainika. Anayetengeneza chini ya lita 7,000 kwa mwaka amesamehewa ushuru, ndiyo maana mashamba madogo kama lake bado yapo. Mkate, kitunguu, na jibini la Cheddar, ambalo nalo ni la mkoa huu huu, mnakaa juu ya magunia mnazungumza kuhusu mvua. Kwenye viwanda vikubwa sheria ya ushuru inawataka juisi iwe angalau asilimia 35. Mzee akiisikia namba hiyo hutema mate, kisha huomba radhi kwa kutema mbele ya mwanamke.

Usidhani historia yake yote ni tamu. Vibarua wa mashamba walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida, hadi sheria ya 1887 ilipokataza. Msaragambo wetu, ile kazi ya pamoja, watu wakinywa mbege ya mwenye shamba ni ujirani. Huku kulikuwa ni mshahara unaokojolewa. Na kama muuguzi nina hadithi yangu ninayoipenda, ya jirani zao wa Devon. Karne ya 18 watu huko walikuwa wakishikwa na msokoto wa tumbo wa kutisha, mikono ikilegea hadi kupooza. Mwaka 1767 daktari George Baker, mzaliwa wa huko huko, akaonyesha kuwa ni sumu ya risasi, ile madini waliyokuwa wakitumia kwenye mashinikizo yao. Ukali wa juisi uliiyeyusha ikaingia kwenye saida. Unadhani walimshukuru? Walimjia juu, wakisema anaharibu jina la mkoa.

Sasa turudi kwenye sufuria yangu. Ile ni wassail, na neno lenyewe ni salamu ya kale ya Kiingereza, maana yake uwe na afya. Mwaka 1752 Uingereza ilibadilisha kalenda, siku 11 zikarukwa, lakini wakulima wa huku katika jambo hili wakabaki na hesabu ya zamani. Ndiyo maana inafanywa tarehe 17 Januari badala ya tarehe 6. Kijiji cha Carhampton, upande wa baharini, kinajulikana sana kwa hilo. Sisi tulikuwa watu thelathini hivi kwa mzee, na taa za mkononi. Tulikwenda hadi kwenye mti mkongwe kuliko yote. Saida ikamwagwa kwenye mizizi. Mtoto mmoja akanyanyuliwa, akachomeka matawini vipande vya mkate vilivyochovywa saida, chakula cha ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Wakaimba, kisha bunduki zikapigwa hewani na sisi wenye masufuria tukapiga kwa nguvu zote, kufukuza pepo wabaya na kuuamsha mti uzae. Mwiko wangu ulivunjika. Nilipoiona ile saida ikimwagwa chini nilimkumbuka babu yako, alivyokuwa hanywi kabla hajawamwagia wa kale wake, na padri akijua na kunyamaza.

Baadaye, karibu na moto, mzee alinigeukia. Akaniambia, wewe umeweka sikio kwenye pipa langu, sasa niambie, mama zenu wanajuaje kama mbege imeiva? Wanasikiliza? Wananusa? Wanatazama povu?

Nilifungua mdomo nikakosa jibu. Nimekulia kwenye ule moshi, nimekoroga lile pipa hadi mabega yakauma, na kila siku nilisikia tu Mama akisema "bado", halafu siku moja akasema "tayari". Sikuwahi kumwuliza alikuwa anaangalia nini. Nikamdanganya mzee kwamba nitamwandikia vizuri kwa karatasi.

Kwa hiyo nakuomba, kaa na Mama siku anapika, umwulize hilo na mengine yote: ndizi zipi, anazivundika siku ngapi, ulezi anauotesha vipi, msesewe kiasi gani na anautia saa ngapi. Mrekodi kwa simu, hata akikufukuza jikoni. Nami huku mzee ananisubiri na kalamu yake.

Busu kwa watoto. Mwiko niletee mwingine ukija Juni, wa mninga, huu wa hapa ulikuwa wa plastiki.

Wako,
Ndeshi