YAH: Malalamiko kuhusu mayai ya artemia yaliyofunguliwa na kupakiwa upya

Wafugaji wa samaki wa maji chumvi,
Arusha na Moshi.
14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Duka la vifaa vya akwaria,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 23 Juni mlitutumia kwa basi pakiti 6 za mayai ya artemia (kamba wadogo sana wa maji chumvi wanaolishwa vifaranga vya samaki), za gramu 50, kwa shilingi 38,000 kila moja. Lebo inasema asilimia 90 yataanguliwa ndani ya saa 24. Yanayoanguliwa hayafiki theluthi. Tulipopiga simu tukaambiwa tatizo ni la huku kwetu: maji yana floraidi, kuna baridi, na mlimani hewa ni nyepesi.

Floraidi ipo, hasa kwenye visima vya Arumeru. Ila anayezalisha klaunifishi, samaki mdogo wa mapambo wa baharini, hachanganyi chumvi na maji ya kisima. Tunatumia maji ya chujio la RO (linalosukuma maji kupita kwenye utando laini sana), ambalo huondoa sehemu kubwa ya hiyo floraidi. Na bahari yenyewe inayo, takriban miligramu 1.3 kwa lita. Kuhusu baridi, chupa zote za kuangulia zilikaa kwenye beseni lenye hita, nyuzi 28 usiku na mchana.

Hoja ya hewa angalau ina akili. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar. Hata hivyo, maji chumvi ya nyuzi 28 yakipuliziwa vizuri hubaki na zaidi ya miligramu 5 kwa lita, wakati mayai haya huanza kukwama oksijeni ikishuka kuelekea miligramu 2. Moshi, ambako ni chini zaidi, matokeo yalikuwa yaleyale.

Jaribio lilifanywa hivi, nanyi mnaweza kulirudia dukani. Lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, pH 8.2, nusu gramu ya mayai, chupa iliyogeuzwa mdomo chini, mpira wa hewa ukifika hadi kwenye kizibo ili yai lisitulie chini, na taa kwa karibu. Baada ya saa 24, hewa ikiendelea kuchanganya, chota mililita 1 kwa bomba la sindano, weka kwenye sahani nyeupe na tone la iodini, kisha hesabu vitoto kwa lenzi. Halafu dondosha jiki: maganda matupu huyeyuka, na mayai ambayo hayajaanguliwa huonekana kama vitone vya rangi ya chungwa. Hesabu navyo. Rudia mara tano.

Pakiti zenu zilitoa vitoto 3 kwa kila mayai 10. Kando yake, katika maji yaleyale, beseni lilelile na pampu ileile ya hewa, tuliweka mayai ya chapa hiyohiyo kutoka kopo lililofungwa kiwandani, lililonunuliwa kwingine. Yalitoa zaidi ya 8. Kama tatizo lingekuwa Arusha, lingeyakumba yote mawili.

Tofauti ni kopo. Mayai mazuri ni makavu na humwagika kama kahawa iliyosagwa. Yenu yameshikana mabonge, ndani ya vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa, bila tarehe ya kufunguliwa. Yai la artemia hulala kwa sababu ni kavu. Likinyonya unyevu kupita karibu asilimia 10, huanza kuamka na kula akiba yake; likikauka tena, akiba hiyo hairudi. Unyevu wa Dar unatosha kabisa kuliharibu kopo lililoachwa wazi wakati mtu anapima gramu hamsini hamsini. Lebo ya asilimia 90 ilikuwa ya kopo, nanyi mmeibandika kwenye kifuko.

Hasara yake si mayai tu. Kifaranga cha klaunifishi hula rotifa (vijidudu vya majini vidogo kuliko artemia), kama 10 kwa mililita, kwa wiki ya kwanza. Kuanzia siku ya 6 au ya 7 huongezewa artemia iliyotoka kuanguliwa, kabla haijamaliza kiini chake. Hapo ndipo uhaba unapoua, kwa sababu rotifa peke yake hazimtoshi tena. Na mayai yasiyoanguliwa ni mabaya kuliko uhaba wenyewe: maganda huelea na kuondolewa kirahisi, lakini mayai mazima huzama pamoja na vitoto, hunyonywa pamoja navyo, na kifaranga akiyameza utumbo huziba. Hakuna chujio la jikoni linaloyatenganisha.

Tunadai shilingi 228,000 zirudishwe, au tupewe makopo yaliyofungwa kiwandani yenye thamani hiyo, nauli ya basi ikiwa juu yenu. Pia vifuko vilivyobaki viondolewe rafuni. Mkiendelea kupima rejareja, pimeni mahali pakavu, tumieni chupa zenye kifuniko cha mpira na kifuko cha kunyonya unyevu, na mwandike tarehe kopo lilipofunguliwa.

Vifuko viwili havijafunguliwa na vimehifadhiwa kama ushahidi. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutavipeleka Tume ya Ushindani pamoja na barua hii na risiti.

Wenu,
Kwa niaba ya wafugaji, Arusha na Moshi