Barua kwa mwanangu anayeingia studio

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nimesikia wiki ijayo unaanza kurekodi albamu yako mwenyewe ya taarabu, na moyo wangu umejaa furaha. Umezoea kuitikia nyuma ya wenzako, ambako pumzi ikikukatika mwingine hukubeba. Safari hii sauti ni moja, kwa hiyo siku nzima lazima ipangwe kwa kuifuata sauti hiyo.

Kinachoharibu nyimbo nyingi ni kuiacha sauti mwisho. Watu hufika saa 3 asubuhi, wakatuni ala, wakabishana juu ya besi, na mwimbaji akaimbaimba kuwaelekeza wapigaji. Saa 2 usiku ndipo anaambiwa, "Haya, ingia." Koo lililochoka namna hiyo halirudishwi na chai ya tangawizi. Ala ziingizwe siku ya kwanza, zikifuata sauti ya mwongozo uliyoiimba kwa nusu nguvu. Siku ya pili iwe yako: anza saa 4 asubuhi, na adhuhuri ikikaribia mpumzike, maana kama chumba hakijazibwa sawasawa, adhana itaingia kwenye maiki. Vivyo hivyo mvua ya masika juu ya bati. Hiyo ni vigumu kuiondoa baadaye, ni kungoja tu.

Ufunguo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, uchague wewe, tena kabla wapigaji hawajafika. Imba ubeti wenye noti ya juu kabisa mara 3 mfululizo, asubuhi. Ukiona mara ya tatu unakaza shingo, shusha nusu toni. Usikubali kubebeshwa ufunguo kwa sababu tu ni mwepesi kwa vidole vya mpiga gitaa.

Ganuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole, ipewe muda. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake limekalia ngozi. Unyevu wa pwani yetu huilegeza ngozi, daraja likadidimia na noti zikashuka zote pamoja. Kiyoyozi nacho hukausha chumba, na kwa kuwa kinanguruma hamna budi kukizima wakati wa kurekodi. Joto likirudi, ala hutoka kwenye tuni tena. Basi kizimeni nusu saa kabla, ala zizoee hali ya chumba, ndipo mtuni kwa La ya 440. Mkaguane kila baada ya mikupuo miwili, yaani kila mkiurekodi wimbo mara mbili.

Sasa nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Kama wimbo uko katika Rast, mojawapo ya mizani za muziki wa Kiarabu, noti yake ya tatu hukaa chini ya ile ya kinanda kwa karibu robo toni. Kinanda cha kawaida hakina kitufe cha noti hiyo. Ama mpigaji aishushe kwa senti 50, yaani robo toni, katika mpangilio wa kinanda chake, kama kinaruhusu, ama aiachie udi na fidla. Hatari kubwa zaidi ni programu za kunyoosha sauti kama Auto-Tune. Zikiwekewa mizani ya kinanda, zitaiona noti yako sahihi kuwa ni kosa na kuivuta juu, na ile ladha ya taarabu itapotea pale pale. Mwombe fundi mitambo azizime, na usione haya kurudia ombi hilo.

Kwenye maiki, simama sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Maiki ikae usawa wa pua, imeinama kidogo kuelekea mdomoni, ili pumzi ya "p" na "b" ipite chini yake. Neno kama "pendo" hupiga kishindo kibaya. Ukiisogelea mno, sauti inakuwa nzito kama ya mtungini. Kwenye mwito wa juu rudi nyuma nusu hatua. Bangili na hereni ndefu ziache nyumbani, na baibui linalochakarika livue. Hedfoni moja iteleze nyuma ya sikio ujisikie mwenyewe, lakini upande huo uzimwe sauti, la sivyo mlio wa kuhesabu mapigo utavuja na kubaki ndani ya wimbo. Ukisikia sauti yako inakurudia imechelewa, usivumilie, utaanza kuburuta; fundi apunguze bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa, hadi sampuli 128.

Maji ya kunywa yasiwe ya friji, na anza tangu alfajiri, kwa sababu maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Huzifikia kupitia mwilini, taratibu. Usikohoekohoe kusafisha koo, unazigonganisha tu. Meza mate.

Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande wa santuri ulikuwa wa dakika 3 hivi, na hapakuwa na kukata na kuunga. Nawe imba wimbo mzima, mikupuo 4, kisha ndipo mrudie mistari iliyoteleza. Ukianza na mstari mmoja mmoja, kila mstari utakuwa mzuri na wimbo utakuwa baridi. Baada ya mkupuo wa 6 pumzikeni. Ninavyoamini mimi, wa 7 haujawahi kuushinda wa 3.

Kiwango cha kurekodi kiwe biti 24 na kiloherzi 48, kilele kisivuke desibeli −6. Mpigaji akileta faili la kiloherzi 44.1 likafunguliwa bila kubadilishwa, litakimbia na kupanda kama robo tatu ya toni, mkadhani ganuni imeharibika.

Kabla ya kutoka, mwandikiane nani ametunga maneno, nani melodi, na kila mpigaji amelipwa nini, wote watie saini. Karatasi hiyo utaihitaji COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nenda na diski yako. Nakili kila ala peke yake, faili za WAV zinazoanzia sekunde sifuri zote, hata ile inayoingia ubeti wa tatu, ili zikifunguliwa kwingine zikae mahali pake. Fungua mbili tatu usikilize hapo hapo kabla hujachomoa diski.

Nitumie mkupuo wa kwanza, hata kabla haujachanganywa.

Mamako