Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kinyama cha pituitari kisipotee

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka maabara ya patholojia. Najua mezani kwako kuna malaria, vifo vya wazazi na bima ya afya kwa wote. Langu linahusu tezi yenye uzito wa nusu gramu hivi, pituitari, iliyojificha chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ndogo, ila tezi nyingine nyingi zinasubiri amri yake. Ikiota uvimbe, dada hutokwa na maziwa bila kunyonyesha na hedhi ikakatika. Mwingine viatu humbana ukubwani na taya likarefuka. Ukizidi kukua hubana neva za macho, mtu akawa haoni pembeni. Wengi huzungushwa kwa daktari wa macho, wa wanawake, hata kwa waganga, na miaka inakwenda.

Uvimbe unaotoa prolaktini, homoni ya maziwa, mara nyingi hunywea kwa vidonge. Mwingine huondolewa kwa upasuaji, aghalabu kupitia puani, na vipande vyake, hivyo vinyama, ndivyo vinavyoletwa kwetu. Tunavizamisha kwenye nta ya parafini, tunavikata kwa unene wa mikroni 4 hivi (elfu nne za milimita), tunavipaka rangi. Kwa rangi ya kawaida unaona seli za tezi zilizopoteza mpangilio. Usizoziona kirahisi ni seli za kinga zilizojipenyeza humo. Hizo zinahitaji kingamwili maalumu, yaani protini za maabara zinazonasa alama moja ya seli: alama ya CD68 kwa makrofaji (seli zinazomeza uchafu na vijidudu) na CD8 kwa seli T zinazoua (askari wa kinga), ndipo zinajitokeza kwa rangi ya kahawia.

Ungedhani zimekuja kuuangamiza uvimbe. Si mara zote. Seli za uvimbe zenyewe hutoa kemikali za kuyaita makrofaji, na yakishafika, mengi hubadilika tabia: hufanya kazi ambayo kwenye kidonda ingekuwa njema, kuotesha mishipa ya damu, kulainisha tishu, kuzituliza seli T. Uvimbe ukapata chakula na njia. Tafiti kadhaa zimekuta makrofaji ya namna hiyo, yenye alama ya CD163, kwa wingi zaidi katika uvimbe unaovamia mifupa na mishipa jirani.

Mwaka 2018 iliripotiwa Marekani kwamba mgonjwa mwenye saratani ya pituitari iliyofika hadi kwenye ini alipewa ipilimumabu na nivolumabu, dawa zinazozifungulia seli T breki, na uvimbe ukapungua. Ni mgonjwa mmoja, tusishangilie mapema. Kati ya waliofuata wapo walionufaika na wapo ambao haikuwasaidia. Tena ipilimumabu yenyewe inaweza kuivimbisha pituitari na kumwacha mtu bila kotisoli ya kutosha, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Nani apewe na nani asipewe? Sehemu ya jibu imo kwenye kile kinyama.

Na kinyama chetu, Mheshimiwa, kinapotea. Sitaji hospitali. Nimepokea sampuli ikielea kwenye maji ya dripu kwa sababu formalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze, ilikuwa imeisha. Seli zilishaoza, hatukuwa na la kuandika. Nyingine ililetwa na mdogo wake mgonjwa kwenye mfuko wa rambo. Ilikuwa imekaa nyumbani kwenye formalini wiki kadhaa huku familia ikichangishana hela ya kipimo. Tishu ikikaa humo muda mrefu hivyo, kingamwili hushindwa kushika alama zake. Yule kijana hakuwa na kosa lolote. Aliambiwa "peleka maabara", akapeleka alipoweza.

Siombi jengo wala mashine ya mabilioni. Gharama ya patholojia iingizwe kwenye gharama ya upasuaji, ndugu wasibebeshwe vichupa. Formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na tindikali iwe sharti la kuanza upasuaji, kama nyuzi za kushonea. Bloku za nta zenye tishu zitunzwe mahali pakavu, pasipo joto kali wala wadudu. Hudumu miaka mingi. Kingamwili chache, za homoni na za seli za kinga, zinunuliwe kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa, na slaidi zisomwe kituo kimoja kwa kuanzia. Tafiti ninazozisoma karibu zote ni za China, Ulaya na Marekani. Wagonjwa wa Mbeya na Mtwara hawamo.

Hilo la formalini halihitaji hata bajeti mpya. Waraka mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa unatosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa maabara ya patholojia,
Dar es Salaam