Uwanda wa Chyulu Haujafa

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dai linalorudiwa mara kwa mara katika makala za utalii, kwamba Milima ya Chyulu, kusini mwa Kenya, ni volkeno zilizokufa.

Kwa kilima kimoja kimoja, dai hilo lina ukweli. Chyulu ina mamia ya vilima vya kokoto na majivu, na vingi vililipuka mara moja tu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopanda kutoka chini ya ganda la dunia kwa mafungu madogo madogo, kila fungu hupasua njia yake katika mwamba na kumwaga lava kwa muda, kisha masalia yake hugandia ndani ya ufa, hivyo fungu linalofuata, hata likija karne nyingi baadaye, hukuta njia imeziba na hutafuta upenyo mwingine. Ndiyo maana vilima vingi vimejipanga kwa mistari kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, vikifuata nyufa hizo. Jirani yake Kilimanjaro ilipata magma nyingi kwa muda mrefu katika vitovu vichache, ikajilimbikiza hadi mita 5,895.

Kwa hiyo uhai wa Chyulu haupimwi kwa kilima bali kwa uwanda mzima, yaani eneo lote lenye vilima hivyo vya volkeno. Kaskazini kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Kusini, lava ya Shetani ilimwagika katika karne ya 19 tu, na aliyepita Hifadhi ya Tsavo Magharibi ameiona ingali nyeusi, mimea ikiwa haba. Mlipuko mwingine ukitokea, yaelekea utachagua mahali papya. Nchini Mexico, mwaka 1943, volkeno ya Parícutin ilizuka katika shamba la mahindi, ndani ya uwanda wenye volkeno zaidi ya elfu moja. Mwaka mmoja baadaye kimo chake kilikuwa kimepita mita 300, na haikutulia hadi 1952.

Simtishi mtu, maana huenda vizazi vingi vikapita kwa utulivu. Hata hivyo, chemchemi za Mzima, ambazo sehemu ya maji yake hufika Mombasa kwa bomba, hulishwa na mvua inayopenya lava hiyohiyo ya Chyulu, hivyo jambo hili linawahusu hata walio mbali. Serikali na kaunti husika ziweke vipima mitetemo katika safu nzima, si kando ya Shetani peke yake, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, Kikamba na Kimaasai.

Msomaji,
Mtito Andei