Lamu ikae barazani na majirani zake

Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyochapisha juu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu. Mashindano ya punda na majahazi yanapendeza, ila mji ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2001 usiishie kuburudisha wageni tu.

Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha wa Lamu na Maulidi yake, alitoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, na hadi leo Maulidi ya Lamu huvuta watu wa Unguja na Komoro. Watu hawa wanavua bahari moja. Kaunti itenge siku moja baada ya Maulidi, wavuvi na mafundi majahazi wa pande zote wakae barazani, vijikombe vya kahawa tungu mkononi, wazungumze. Hotuba za wakubwa (tunawajua) zisizidi dakika 10.

Msomaji wenu,
Mombasa