YAH: KUFUNGA MUHULA, NA WATOTO WANAOLETWA SHULENI WAKIHARISHA

Ndugu Wazazi na Walezi,

Matokeo yamo ndani ya ripoti ya kila mtoto, na ni mazuri. Ila kilichotutoa kifua mbele muhula huu ni klabu ya sayansi. Mliwaona wenyewe siku ya wazazi wakieleza, bila kushika karatasi, kwamba virusi vya mafua na kikohozi havikomei puani na kifuani. Kirusi cha UVIKO-19 hujishikiza kwenye kipokezi (mlango wake wa kuingilia seli) kiitwacho ACE2, ambacho kimejaa kwenye kuta za utumbo mwembamba; ndiyo maana vinasaba vyake huweza kuonekana kwenye kinyesi hata kipimo cha koo kikiwa safi. Wakaeleza na ya majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens, Hong Kong, mwaka 2003: wakazi zaidi ya 300 waliugua SARS, ugonjwa mkali wa mapafu wa kirusi cha ukoo mmoja na cha UVIKO-19, wengi wao wakiharisha. Maji ya kuziba harufu kwenye mabomba ya sakafuni yalikuwa yamekauka, na feni za bafuni zikavuta hewa ya maji taka hadi ndani. Hongereni sana, watoto wetu.

Wenye salio la ada walimalize kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa lililoniudhi. Kuna watoto wanaonyweshwa dawa ya homa alfajiri ili wapite getini. Dawa hiyo hushusha joto tu, virusi vinaendelea kutoka. Kufikia saa nne homa imerudi, mtoto amejichafua, na wenzake wamemzunguka kumsaidia. Halafu mnaniandikia “ni mafua tu”. Adenovirusi, mojawapo ya visababishi vya hayo mafua tu, huweza kutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya kikohozi kupoa. Tena haina utando wa mafuta ambao spiriti ingeuvunja, kwa hiyo vile vichupa vya kitakasa mikono mnavyowawekea mkobani havitoshi. Wafundisheni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kila watokapo chooni.

Anayeharisha au kutapika abaki nyumbani hadi saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Mzazi aliyemfokea mwalimu wa zamu kwa kumrudisha mwanawe ajue kwamba mwalimu yule alifanya kazi niliyomtuma, na ataifanya tena.

Nyumbani, vaeni glavu, futeni uchafu kwanza, kwani uchafu humaliza nguvu ya klorini. Ndipo mpake dawa ya klorini ya asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Iacheni dakika 10, kisha suuzeni. Msiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu. Fungeni kifuniko kabla ya kuvuta maji, na bafu lisilotumika limiminiwe maji kwenye tundu la sakafu kila wiki.

Kila mtoto arudi na namba ya simu ya mzazi inayopokelewa mchana.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu