Mbona mashinisti hamkumtaja jina?

Bwana Mhariri,

Nawasalimu kutoka Lubumbashi, kartye (mtaa) ya Kenya. Mimi ni msomaji wenu wa kila wiki, gazeti nalipata kwa jirani akishamaliza yeye na bibi yake (mnisamehe, ya kununua langu hakuna), na wiki iliyopita nikasoma ile makala ya filamu za zamani za wizi, pale mwandishi wenu alipoisifu Robbery ya Waingereza, ya mwaka 1967, ndo hapo nikaona na mimi niandike.

Filamu ni nzuri, sibishi. Peter Yates aliitengeneza vizuri, ule mwanzo wa magari kufukuzana London mpaka unashika kiti, na kweli ndo ulimfanya mwigizaji Steve McQueen amtake Yates kwa ile filamu yake ya Bullitt. Stanley Baker naye kama mkubwa wa genge, hacheki, haongei sana, suti imenyooka. Sawa. Lakini mwandishi wenu akaingia kwenye kisa chenyewe cha kweli, ule wizi wa treni ya posta wa tarehe 8 Agosti 1963, akaanza kutaja majina, Bruce Reynolds, Charlie Wilson, Buster Edwards, na Ronnie Biggs alivyotoroka gereza la Wandsworth 1965 akaenda kujificha Australia kisha Brazil, mpaka akaimba na bendi ya Sex Pistols. Wezi wamejaza nusu ya ukurasa. Mwenye kuendesha treni akapata mstari mmoja, eti dereva aliumizwa, jina hakuna. Hiyo imenikwama kooni.

Papa yangu alikuwa mashinisti, yaani dereva wa treni. Miaka mingi sana, Lubumbashi kwenda Likasi, Tenke, Kamina, saa zingine upande wa Sakania, na sisi watoto tulijua amerudi kwa harufu ya mazutu (dizeli) kwenye koti. Sasa ni mzee, masikio yameanza kumtoka. Nilimwekea ile filamu kwenye kompyuta yangu jioni moja, umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi kwa hiyo tuliangalia na batri tu, mama anatuambia tupunguze sauti. Magari yale hayakumgusa kabisa, alikuwa anakula karanga zake. Ilipofika habari ya sinyali akaacha karanga.

Nikamsimamishia filamu nikamweleza ilivyokuwa kweli. Kwamba wale watu walifunika taa ya kijani na glovu, nyekundu wakaiwasha na batri zao wenyewe, tena kabla ya kufika pale walikuwa wamechezea na ile ya njano ya kumwambia mashinisti apunguze mwendo. Saa tisa za usiku na dakika chache, treni inatoka Glasgow inaenda London, imebeba pesa za mabenki. Mashinisti Jack Mills akaona njano akapunguza, akaona nyekundu akasimama. Mwenzake David Whitby akashuka kwenda kupiga telefone ya pembeni ya reli kuuliza kuna nini, akakuta waya zimekatwa, na kugeuka tu akakamatwa.

Papa akaniangalia. Akasema, "We mwana, ule mutu alisimama sababu lampe ilikuwa nyekundu. Njo kazi yake ile. Angekuwa mashinisti mubaya hawangemwiba."

Bwana Mhariri, nimelala na hilo neno siku tatu. Mwandishi wenu anasema mpango ulikuwa wa akili nyingi, na watu hapa kartye walioangalia na sisi siku ya pili walisema hivo hivo, eh, Wazungu wanajua kuiba! Lakini angalieni hiyo akili imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya mtu mmoja anayetii taa. Treni nzima na pesa zake imesimamishwa na glovu na batri kwa sababu ndani yuko mtu ambaye hawezi kupita nyekundu hata kama ni usiku wa manane na hakuna anayemwona.

Na kuna kitu kingine ambacho makala haikugusa, na ndicho kilichomchekesha papa mpaka akakohoa. Wezi walikuja na mashinisti wao, mzee mmoja aliyestaafu, kwamba wakishateka injini yeye ndo ataisogeza. Wakakata injini na mabehewa mawili ya mbele, yale mengine pamoja na wafanyakazi wengi wa posta wakayaacha nyuma, mzee akakaa kwenye kiti, akashindwa kuitembeza! Alizoea vijinjini vidogo vya kupangia mabehewa, ile kubwa ya njia kuu ikamshinda. Miezi na miezi ya kupanga, saa wameweka, magari tayari chini ya daraja, treni haiendi. Sasa wafanye nini? Walikuwa wameshampiga Mills na chuma kichwani. Wakamrudisha kwenye kiti chake huku damu inamshuka usoni, wakamwambia endesha. Akaiendesha, karibu kilomita moja, mpaka daraja la Bridego, ndo pale wakajipanga mstari wakateremsha magunia 120, paundi milioni 2.6 na kitu.

Kwa hiyo hata wizi wenyewe aliyeukamilisha ni Mills. Papa alirudia hiyo mara mbili, kisha akacheka, halafu akaacha kucheka, akashika kichwa chake pale juu ya sikio.

Wezi walikamatwa wengi, waliacha alama za vidole kwenye lile shamba walilojificha, na mwaka 1964 saba kati yao walipigwa miaka 30 kila mmoja. Watu wengi wakaona ni kali mno na ndo huruma ikahamia kwao. Mills hakurudia tena kazi yake kama zamani. Alikufa 1970, na kansa ya damu, siyo lile pigo, hilo niseme kwa haki, lakini miaka ile saba ya katikati hakuna aliyemfanyia wimbo.

Sisemi msiandike filamu za wizi, tunazipenda, mimi wa kwanza. Naomba tu toleo linalokuja muweke kale kanafasi ka marekebisho, majina mawili: Jack Mills, mashinisti, na David Whitby, msaidizi wake, wote watu wa mji wa Crewe.

Papa naye anaongeza yake, hakutaka nifunge barua bila kuiandika. Mliandika "gari la moshi". Anasema haikuwa ya moshi hata kidogo, ilikuwa injini ya mazutu, ya kampuni ya English Electric, namba D326, nimemtafutia mimi mwenyewe. Anauliza kama mwandishi wenu alishawahi kupanda treni.

Msomaji wenu,
Mtoto wa mashinisti, Lubumbashi